Wageni wanapita kijijini kila siku, hela yao inaishia wapi?

Kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia, ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji upande wa Babati, sio mbali na Tarangire. Nafupisha maneno yake: "Shikamoo kaka. Magari ya watalii yanapita hapa asubuhi mpaka jioni sisi tunabaki na vumbi. Redioni tunasikia utalii unaingiza mabilioni. Hizo hela zinaenda wapi? Na sasa amekuja mwekezaji anataka eneo ajenge kempu, wazee wamegawanyika, vijana wanataka tusaini leo leo. Tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili ila kwa kweli ni moja, maana ukishajua hela inapitaje ndio utajua mkataba wenu uandikweje. Mimi nimeendesha wageni miaka tisa kabla sijaanza kukaa na vijiji kwenye mambo ya mikataba, kwaiyo ntakueleza kama ninavyoiona kutoka pande zote mbili, na itakuwa ndefu kidogo, vumilia.

Anza na yule mgeni mwenyewe. Huyu unayemuona kwenye Landkruza anapiga picha punda milia barabarani hajalipa chochote hapo ulipo. Alishalipa miezi mingi nyuma, akiwa kwao, kwa wakala wa huko Ujerumani au Marekani, hela yote kwa mkupuo. Wakala anakata chake, mara nyingi kipande kinene, inayobaki inatumwa kwa kampuni ya Arusha. Kampuni ya Arusha ndiyo inagawa: mafuta na gari, mshahara wa dereva, loji za kulala, viingilio vya hifadhi, leseni, kodi. Viingilio sio mchezo, mtu mzima kutoka nje kuingia Tarangire ni kama dola 50 hivi kwa siku msimu wa wageni, bado VAT, na Ngorongoro gari moja kushuka kreta ni dola 295 achilia mbali kiingilio cha kila kichwa. Kwaiyo mgeni anapofika kwenye kijiji chako safari yake imeshagawanywa mpaka senti ya mwisho, kilichobaki mfukoni mwake ni hela ya kununua shanga na bakshishi ya dereva. Ndio maana hata mkijipanga barabarani watu mia mnauza vinyago hamtaona mabilioni ya redioni, sio kwamba mgeni ni bahili, hela yake ilishapita juu kwa juu.

Sasa zile za hifadhi. Tarangire ni hifadhi ya taifa tangu 1970, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kijiji hakina hisa pale hata kama mpaka wa hifadhi unagusa shamba lako. TANAPA wana utaratibu wao wa ujirani mwema, wanachangia madarasa, zahanati, visima kwenye vijiji vinavyopakana nao, na hapo mmeona wenyewe kama kuna kitu kimefika au hakijafika. Lakini huo ni msaada, sio haki ya kudai kwa mkataba. Na mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, makusanyo ya TANAPA, Ngorongoro na TAWA (hawa wanasimamia mapori ya akiba) yakawa yanaingia Mfuko Mkuu wa Serikali alafu wao wakawa wanasubiri kupewa bajeti kama idara nyingine. Hela ya getini inasomesha watoto na kujenga barabara nchi nzima, sina ugomvi nalo hilo, ila usikae ukadhani siku moja itateremka kijijini kwenu yenyewe tu. Halmashauri ya wilaya nayo inapata ushuru wa huduma, ni asilimia ndogo ya mauzo ya loji zilizomo wilayani, inaingia kwenye kapu la wilaya inachanganyika na ushuru wa mazao na mengineyo. Mfuatilieni diwani wenu kwa hiyo, ni haki yenu kuuliza.

Kwaiyo mlango wa kijiji wenyewe hasa ni upi? Ni ardhi. Kijiji hakina wanyama, wanyama ni wa serikali, ila kijiji kina ardhi ambayo hao wanyama wanapita na wanalala, na huyo mwekezaji hajaja kwa ajili ya sura zenu, amekuja kwa sababu hapo mlipo ni njia ya wanyama. Kwakuchinja pale ndipo wanyama wanapovuka kati ya Tarangire na Manyara, na upande wa mashariki wanatoka kwenda nyanda za Simanjiro kuzaa.

Hapa naomba usome taratibu maana ndio moyo wa jambo lenyewe. Tarangire inajaa wanyama kiangazi, Juni mpaka Oktoba, kwa sababu ya mto. Tembo wanajazana mtoni, na wageni nao wanajaa miezi hiyo hiyo. Mvua zikianza nyumbu na punda milia wanatawanyika kwenda nje ya hifadhi, kwenye ardhi za vijiji, tembo nao wanatoka, simba wanafuata nyuma. Na mvua ndio mahindi yako yapo shambani, ndio ng'ombe na ndama wako wapo malishoni. Aprili na Mei kempu nyingi zinafunga kabisa, hakuna mgeni. Umeona hapo? Miezi ambayo kijiji kinabeba mzigo wa wanyama ndiyo miezi ambayo hakuna mgeni wa kulipa. Kwaiyo mkataba unaowalipa kwa kuhesabu vichwa vya wageni peke yake utawalipa kiangazi, wakati wanyama wako kwao hifadhini, na masika mtakesha shambani mnapiga madebe bure.

Na usitegemee kifuta jasho, ile hela ya serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyama, kijaze hilo pengo. Kanuni za 2011 ziliweka ukomo wa ekari 5, hata kama tembo wamelala kwenye ekari 12 zako, na shamba lililo chini ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi likawa halipati kitu. Hata jina lenyewe linakwambia, jasho linafutwa tu, halilipwi. Nimekaa na mama mmoja ambaye alilima ekari tatu za mahindi na mbaazi peke yake na wanawe, usiku mmoja tu kundi la tembo likamaliza, asubuhi ananiuliza kaka sasa hawa wazungu wanaolala pale kwenye taa wanajua mimi nimelala njaa kwa ajili ya hao tembo wao? Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikikaa mezani na mwekezaji yule mama ndiye nakuwa nae kichwani.

Bas ndio maana nasema kitu kimoja kwa kila kijiji kinachoniuliza: dai pango la ardhi la mwaka mzima, kiwango cha chini kisichopungua, mgeni aje asije. Alafu juu ya hapo ndio muweke ada ya kitanda kwa kila mgeni kwa kila usiku, msimu ukiwa mzuri mnaongezewa, ukiwa mbaya ile ya chini iko pale pale. Wawekezaji wengi wanapenda ada ya kitanda peke yake kwa sababu hatari yote inakuwa juu yenu. 2019 nchi ilipokea wageni 1,527,230, mwaka uliofuata corona ikaja wakashuka mpaka 620,867. Vijiji vilivyokuwa na ada ya kitanda tupu vilikaa bila hela, na tembo hawakupunguza hata siku moja ya kuja shambani. Leo biashara imerudi, 2024 tulivuka milioni mbili na laki moja, kila mtu anasahau, ila mkataba mnaosaini mwaka huu utakuwepo siku ya janga lingine.

Wenzetu wa Kenya upande wa Mara walilifanyia kazi hili. Kule ranchi za vikundi ziligawanywa, kila familia ikapata hati yake, alafu kuanzia katikati ya miaka ya 2000 wenye ardhi wakaungana wakakodisha kwa kampuni za kempu kama hifadhi za jamii, Ol Kinyei, Olare Motorogi, baadae Naboisho. Kampuni inalipa kodi kwa ekari kila mwezi, inaingia kwa mwenye hati mwenyewe, na idadi ya wageni haihusiani. Wakati wa corona hata wao walikatwa, sio pepo, na aliyekosa hati wakati wa kugawana, wengi wao kina mama na vijana, amekosa na kodi. Ila ile akili ya kulipia ardhi badala ya kulipia kichwa ndio ya kuiga. Sisi ardhi yetu ni ya kijiji kwa pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kwaiyo hela inaingia akaunti ya kijiji sio kwa mama aliyeliwa mahindi, na hapo kazi inabaki kwenu, ntarudi.

Sasa swali la kwanza la kujibu kabla hamjamkaribisha mwekezaji chai: hilo eneo analolitaka liko ndani ya WMA (ardhi ambayo vijiji vimeitenga kwa pamoja kwa ajili ya wanyamapori) au nje? Maana ni mambo mawili tofauti kabisa. Upande wenu kuna Burunge, vijiji kumi, Minjingu, Vilima Vitatu, Olasiti, Sangaiwe na wenzao, jumuiya yao inaitwa JUHIBU. WMA zilitokana na Sera ya Wanyamapori ya 1998, wazo likiwa vijiji vinatenga ardhi kwa pamoja, vinaunda jumuiya, jumuiya ndio inasaini na mwekezaji. Kama eneo liko ndani ya WMA, kijiji hakiwezi kusaini peke yake, mkifanya hivyo karatasi yenu haina nguvu. Hela yake inapitia serikalini kwanza, serikali kuu inabaki na fungu lake, wilaya fungu lake, inayorudi kwa jumuiya angalau nusu inatakiwa iende vijijini, kwingine ni kulipa askari wanyamapori wa vijiji na kuendesha ofisi. Inachelewa mara nyingi, na mkishagawana vijiji vyote unakuta kilichofika ni kidogo kuliko watu walivyoahidiwa kwenye mkutano wa kwanza. Minjingu kulikuwa na manung'uniko makubwa, maana kabla ya WMA kijiji kilikuwa na mkataba wake na loji kikila peke yake, baada ya hapo ikawa inagawanywa sawa kwa vijiji ambavyo vingine havina hata kempu moja. Ukiangalia kwa jicho la Minjingu ni dhuluma, ukiangalia kwa jicho la kijiji ambacho hakina kempu ila tembo wanapita kwake usiku kucha, ni haki. Mi naona wote wana hoja, na kosa lilikuwa kutoliongea hilo mapema kabla hesabu haijaanza.

Kama eneo liko nje ya WMA, kijiji kina nafasi zaidi ila pia mtego zaidi. Halmashauri ya kijiji, yaani nyie wajumbe pamoja na mwenyekiti na mtendaji, HAMNA mamlaka ya kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali. Sio kikao cha watu kumi na tano ofisini. Mkutano Mkuu, watu wazima wote wa kijiji wameitwa, muhtasari umeandikwa, mahudhurio yamesainiwa. Alafu mgeni kutoka nje ya nchi hawezi kumiliki ardhi ya kijiji. Akitaka ipitie mamlaka ya uwekezaji ya serikali ardhi hiyo inatakiwa kwanza ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, na ikishahama, mdogo wangu, haiwi yenu tena, huyo mwekezaji akifilisika hairudi kijijini yenyewe. Eneo likizidi hekta 250 kuhamishwa kwake uamuzi unakuwa wa Waziri, kijiji kinatoa maoni tu. Kwaiyo mtu akiwaambia "tutahamisha tu kwa ajili ya makaratasi", simameni hapo hapo. Kuna njia ya kukubaliana kutumia eneo huku ardhi ikibaki ya kijiji, na kempu ya mahema haihitaji hati ya miaka 99, mahema yanang'olewa kwa siku mbili. Nendeni kwa Afisa Ardhi na Afisa Wanyamapori wa wilaya na barua, sio kwa mdomo, muwaulize eneo hilo limepangwaje kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi na tozo gani zinahusika.

Ntakupa mfano wa kilichoniuma. Kijiji kimoja niliitwa nikiwa nimechelewa, walishasaini. Mkataba kurasa thelathini na kitu, wote kwa Kiingereza, mwenyekiti alisaini kila ukurasa hajasoma hata mmoja kwa sababu aliambiwa kesho yake mkandarasi anakuja kuchimba kisima. Kisima kilichimbwa kweli. Ila ndani ya mkataba kulikuwa na kipengele kwamba hakuna mfugo kukanyaga eneo lote mwaka mzima, na ndani ya eneo hilo ndio kulikuwa na dimbwi pekee linalobaki na maji Septemba. Watu wameuza maji ya ng'ombe wao kwa kisima kimoja cha pampu ya mkono. Kwaiyo mkataba uwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mkutanoni mwanzo mpaka mwisho hata ichukue siku nzima, na malisho ya ukame na njia ya kwenda majini viandikwe kwa majina ya sehemu, sio "wananchi watashirikishwa". Hilo neno kushirikishwa likatae kabisa kwenye mkataba, halina maana yoyote ukifika kwa hakimu. Muda wa miaka mitano alafu mnakaa upya unatosha kwa kuanzia. Malipo yawe kwa shilingi zinazofuata dola, maana yeye mgeni anamtoza kwa dola. Na muwe na haki ya kuona kitabu cha wageni waliolala, bila hiyo ada ya kitanda ni hadithi, atakwambia walilala kumi na mtaamini kumi.

Kingine ambacho vijiji vinakisahau kabisa ni jiko. Watu wanadai ajira, na ajira ziwekwe ndio, ila kempu ya mahema kumi inaajiri watu labda thelathini, na nafasi za maana, meneja, mpishi mkuu, dereva, zinakuja na watu kutoka Arusha au Moshi. Kijiji kinapata ulinzi, kufua na kubeba maji. Lakini hilo jiko linakula kila siku. Mayai, nyanya, vitunguu, mchicha, asali, maziwa, kuku. Ukimfuatilia yule saplaya anayeshusha mzigo pale utakuta katoka soko la Kilombero Arusha alfajiri, kwenye gari lake kuna vitunguu vya Mang'ola na mboga za Karatu. Karatu wamefaidika na utalii kuliko vijiji vingi vinavyopakana na hifadhi, na ni kwa sababu wana mashamba yenye maji na wamezoea kuuza kwa kipimo, loji ikiomba trei kumi za mayai Jumanne inapata trei kumi Jumanne, sio sita Alhamisi. Mwekezaji wenu akiulizwa kwa nini hanunui kijijini atasema hampeleki kwa uhakika na hamna risiti, na mara nyingi anasema kweli. Anzeni na vitu viwili tu, mayai na asali kwa mfano, kikundi kimoja kilichosajiliwa chenye akaunti, na kwenye mkataba aandike atanunua kwenu kwanza kwa bei ya soko la Arusha kabla hajaenda nje. Muulizeni na analipa baada ya siku ngapi, maana wengine wanalipa baada ya siku 60 na kikundi cha kina mama hakiwezi kusubiri miezi miwili kikiwa na kuku wa kulisha.

Kama mna kitu cha kuonyesha nendeni pia mkaone Mto wa Mbu. Pale utalii wa utamaduni ulianza miaka ya 90, Waholanzi wa shirika la maendeleo la SNV walisaidia pamoja na Bodi ya Utalii, na hawakuwa na simba wala tembo wa kuuza. Waliuza migomba yao, mashamba ya mpunga, wachonga vinyago, chakula cha kina mama, mchanganyiko wa makabila uliojaa pale, mgeni anazungushwa kwa baiskeli nusu siku. Ila usidanganyike kuona rahisi, Mto wa Mbu wako mlangoni mwa Manyara kwenye njia ya lami ya kwenda Ngorongoro, kila gari lazima lipite pale. Kijiji kilichoko kilomita 20 porini kikijenga boma la maonyesho kitasubiri wageni mpaka nyasi ziote mlangoni. Nyie mna barabara? Mna kitu cha kumsimamisha dereva dakika 40? Na dereva muwe mmemuongelesha, maana kwenye biashara hii anayeamua gari lisimame wapi ni dereva, mimi mwenyewe nilikuwa nasimama pale ambapo choo ni kisafi na hakuna anayemvuta mgeni mkono.

Sasa nilisema ntarudi kwenye hela ikishaingia akaunti ya kijiji. Hapa wala msimlaumu mwekezaji tena, ni nyie kwa nyie. Kabla ya shilingi ya kwanza kuingia Mkutano Mkuu upitishe kwa maandishi fungu la walioliwa mazao na mifugo, hata kama ni dogo, litoke kwanza kabla ya darasa na kabla ya posho za vikao. Maana darasa ni zuri na linasomesha wote, ila aliyelala njaa kwa ajili ya tembo anakuwa amelichangia mara mbili. Matumizi yabandikwe ukutani ofisi ya kijiji kila miezi mitatu. Nimeona vijiji viwili vyenye mapato karibu sawa, kimoja vijana wenyewe wanamkamata jangili, kingine wanamuonyesha njia, na tofauti ilikuwa lile karatasi la ukutani tu.

Kuhusu hao vijana wanaotaka msaini leo leo, nawaelewa, wamechoka kusubiri. Waambie mwekezaji wa kweli ameshatumia hela kuja kukagua eneo mara kadhaa, hawezi kukimbia kwa sababu kijiji kimeomba mwezi mmoja wa kusoma. Akikimbia kwa hilo, alikuwa anategemea msisome. Nipigie picha kurasa za rasimu unitumie, anza na zile za malipo, muda na ramani ya mipaka, na kabla ya hapo nendeni na GPS ya afisa ardhi mkatembee huo mpaka kwa miguu mkiwa na wazee wanaojua maji yanabaki wapi Septemba.